Kimo Ndani ya Unyayo: Usomaji wa Nyayo Kutoka Ntuzu Hadi Laetoli

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, baada ya Mkoa wa Shinyanga kumegwa na Busega kuchukuliwa kutoka upande wa Mwanza, na makao yake makuu yakawekwa Bariadi, katika nchi ambayo kabla ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963 ilikuwa chini ya utemi wa Ntuzu. Upande wa magharibi mkoa huu unafika Ziwa Victoria, na upande wa mashariki unapakana na hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, kisha unashuka kupitia Meatu kuelekea Ziwa Eyasi, ambako ng'ambo ya mpaka wa Mkoa wa Arusha ipo Laetoli, mahali penye nyayo za zamadamu zilizo maarufu kuliko zote duniani. Historia ya namna nyayo zilivyosomwa katika ukanda huu, na wafugaji, na polisi, na wataalamu wa mambo ya kale, inastahili kuandikwa kwa uangalifu, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo mahakama za nchi kubwa zimewahi kulijibu vibaya: alama iliyoachwa na mguu ardhini inaweza kusema nini juu ya aliyeiacha, na ni wapi haina la kusema.

Msingi wa elimu hii ni ardhi yenyewe. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na kituo chake Amani katika milima ya Usambara, alieleza kwamba aina za udongo katika Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, lakini wakulima wa Usukuma, nchi ya Wasukuma ambayo Ntuzu ni sehemu yake, walikwisha kuutambua mpangilio huo zamani na kila ngazi walikuwa wameipa jina lake. Juu penye mawe ya matale kuna luseni, yaani udongo wa mchanga uliochakaa kutoka kwenye mawe hayo. Chini yake hupatikana itogolo, udongo wenye tabaka gumu lisilopenyeza maji kwa urahisi. Kisha ibambasi, udongo wenye magadi unaoganda kama sakafu wakati wa kiangazi. Na bondeni ipo mbuga yenyewe, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa pana jua linapowaka. Mguu mmoja wa mtu mmoja, ukipita katika ngazi hizo siku moja, huacha alama nne zisizolingana. Kwenye luseni kingo za unyayo huporomoka ndani na kuufanya uonekane mfupi au mpana isivyo. Kwenye ibambasi kavu huenda isibaki alama yoyote isipokuwa mkwaruzo wa kisigino. Na katika mbuga iliyolowa mguu huteleza mbele kabla ya kutulia, hivyo unyayo hurefuka kuliko mguu ulioutengeneza. Yeyote anayetaka kupata kimo cha mtu kutoka katika unyayo wa Bariadi anaanza na udongo, na kanuni za vitabu zilizotungwa kwa kukanyagisha watu kwenye karatasi yenye wino hazitamsaidia mpaka atakapokuwa amelipima jambo hilo.

Usomaji wa nyayo katika Usukuma ulikuwa maarifa ya kazi. Wawindaji wa nungunungu, waliojulikana kwa jina la Banunguli na waliokuwa na chama chao chenye ngoma na mafunzo yake, walimfuata mnyama huyo mharibifu wa mashamba hadi kwenye shimo lake. Na wafugaji waliohesabu mali kwa ng'ombe walilazimika kujua njia ambayo kundi lililoibwa usiku limepita. Katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki ilikuwapo pia kanuni ya kukabidhiana nyayo, ambayo kwayo watu wa kijiji ambamo nyayo zimeingia walitakiwa ama kuonyesha zilikotokea na kuendelea na ufuatiliaji, ama kujibu wao wenyewe kuhusu mifugo iliyopotea. Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria za adhabu ya pamoja, ambazo ziliruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la watu wasiojulikana, ilikuwa inajenga juu ya wazo hilo la wajibu wa pamoja, ingawa iliondoa majadiliano ya wazee ambayo zamani yalipunguza ukali wake.

Ni muhimu kuona ni nini hasa mfuatiliaji wa nyayo alidai kukijua. Alijua mwelekeo, na idadi ya ng'ombe kwa makadirio, na muda uliopita tangu wapite, kwa kuangalia kama umande umeanguka kabla au baada ya alama kuwekwa. Alijua pia kama watu waliowaswaga walikuwa wawili au watano, kama mmoja wao alichechemea, na kama walivaa katambuga, yaani ndala nzito zinazokatwa kutoka kwenye matairi ya magari, au walikwenda peku. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha waliomfuata mahali ng'ombe walipo, na uhakika wa kazi hiyo haukutokana na unyayo mmoja mmoja, bali na mfululizo usiokatika kutoka kwenye zizi lililovunjwa hadi zizi lililopokea. Ng'ombe wakikutwa, mwenye ng'ombe aliwatambua kwa rangi, pembe na alama za masikio, na hapo ndipo mashtaka yalipoanza. Kutoka katika unyayo peke yake hakutaja jina la mtu isipokuwa alimfahamu mhusika tangu utotoni, na hata hivyo maneno yake yalipimwa na wenzake waliokuwa wameziona nyayo zilezile.

Utawala wa Waingereza ulipoanza Tanganyika ulileta sheria ya ushahidi iliyotungwa kwa ajili ya India mwaka 1872, ambayo iliendelea kutumika hadi ilipochukuliwa nafasi na Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967. Sheria hiyo ya India iliruhusu alama zilizoonekana ardhini mahali pa tukio kuzingatiwa na mahakama, na pia iliruhusu maoni ya watu wenye ujuzi wa pekee katika sayansi au sanaa. Haikuwa ajabu kwamba watunzi wake walizijali alama za ardhini, kwa maana huko Punjab na Sindh walikuwapo wafuatiliaji wa nyayo walioitwa khoji, ambao kazi yao kubwa, kama ilivyokuwa Usukuma, ilikuwa kutafuta mifugo iliyoibwa. Kitabu cha Hans Gross, hakimu wa uchunguzi wa Austria aliyechapisha mwongozo wake wa upelelezi mwaka 1893, kilifasiriwa kwa Kiingereza na kurekebishwa kulingana na mazingira ya India, kikachapishwa Madras mwaka 1906, na ndani yake mlikuwa na maelekezo marefu kuhusu namna ya kupima nyayo, kuzimwagia plasta na kuchora mstari wa mwendo, yaani mpangilio wa hatua za kushoto na za kulia kuhusiana na njia mtu anayoifuata. Tangu hapo elimu ya mfuatiliaji na elimu ya polisi zilikwenda sambamba bila kuchanganyika: mmoja alisoma njia nzima, mwingine alichukua nakala ya unyayo mmoja na kuipeleka ofisini.

Kwa nini suala hili ni zito Simiyu kuliko linavyoweza kuonekana kwa msomaji wa mbali, linaelezwa na matukio mawili ya karne ya 20. La kwanza lilitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambako mwaka 1976 maofisa wa usalama walipewa jukumu la kuchunguza mauaji yaliyokuwa yameenea vijijini, wakawakamata watu wengi, wakawatesa ili wakiri, na baadhi ya waliokamatwa wakafa mikononi mwao. Kashfa hiyo ilimfanya Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani na ambaye baadaye alikuja kuwa rais, ajiuzulu mwaka 1977 kwa kuwajibika kisiasa, ingawa mwenyewe hakushiriki katika maovu hayo. Hakuna ushahidi bora zaidi wa gharama ya upelelezi unaotegemea ungamo badala ya vitu vinavyoweza kupimwa. Tukio la pili ni kuzuka kwa Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye mpaka wa Kahama na Nzega, baada ya wizi wa ng'ombe kuzidi na silaha za moto kuongezeka kufuatia vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Jeshi hilo la wanavijiji, lililokuwa na kiongozi aliyeitwa ntemi, lenye pinde na mishale na mwito wa hatari unaoitwa mwano, lilienea Usukuma nzima kwa muda mfupi, na mwaka 1989 Bunge likalitambua kwa kurekebisha sheria za mgambo. Mwano unapopigwa, kijiji kinachopokea kinatakiwa kutoka na kuzishika nyayo kabla hazijafutwa na mifugo inayopelekwa malishoni asubuhi. Hii ndiyo kanuni ya kale ya kukabidhiana nyayo ikirudi katika umbo jipya, na imeokoa mali nyingi. Lakini pale ambapo Sungusungu walitoka katika kufuata njia na kuingia katika kumhukumu mtu kwa sura ya unyayo au kwa tetesi, madhara yake yalikuwa yaleyale ya mwaka 1976.

Elimu ya kukadiria kimo ina chanzo chake kwingine. Mwanaanthropolojia Mfaransa Paul Topinard, katika robo ya mwisho ya karne ya 19, alikusanya vipimo vya watu wa sehemu nyingi za dunia na kuona kwamba urefu wa mguu, kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, unakaribia sehemu 15 katika kila 100 za kimo. Kanuni itokanayo na uwiano huo ni rahisi: urefu wa mguu hugawanywa kwa 0.15, hivyo mguu wa sentimita 25 humpa mwenye mguu kimo cha sentimita 167 hivi. Urahisi huo ndio umeifanya kanuni hiyo ipendwe, na ndio pia unaoificha hatari yake, kwa kuwa uwiano wa mtu mmoja mmoja unaweza kuwa 14 au 16, na kwa mguu uleule wa sentimita 25 uwiano wa 14 hutoa kimo cha karibu sentimita 179, ilhali uwiano wa 16 hutoa sentimita 156. Kwa sababu hiyo wataalamu wa baadaye waliacha uwiano mmoja kwa watu wote, wakatunga milinganyo maalumu kwa wanaume na wanawake wa jamii fulani, ambamo kila mlinganyo huambatana na kiwango cha kosa lake. Kwa kawaida kosa hilo, kwa milinganyo inayotumia urefu wa mguu, ni kati ya sentimita 3 na 5, na anayetaka kuwa na uhakika mkubwa analazimika kulizidisha mara mbili kila upande. Mbali na hayo, unyayo si mguu: kisigino na ncha za vidole ni mviringo na havigusi ardhi ngumu kikamilifu, mguu hupanuka na kurefuka kidogo chini ya mzigo, anayekimbia hubonyeza zaidi mbele, na katambuga huongeza sentimita kadhaa ambazo lazima ziondolewe kabla hesabu haijaanza.

Mahali ambapo kanuni hii ilijulikana na ulimwengu mzima ni Laetoli. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikwisha kuchimba eneo hilo mwaka 1939, lakini nyayo za kwanza za wanyama ziligunduliwa mwaka 1976 na kundi lililokuwa na Andrew Hill, na mwaka 1978 Paul Abell aliona kipande cha unyayo wa zamadamu katika sehemu iliyopewa herufi G. Majivu ya volkano, yaliyolowa kwa mvua na kugeuka kama saruji, yalikuwa yamehifadhi mistari ya hatua za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Mary Leakey, aliyeongoza utafiti huo, na wenzake, wakitumia uwiano wa 15 katika 100, waliwakadiria wawili kati ya hao kuwa na kimo cha takriban mita 1.2 na mita 1.4. Mwaka 2016 kundi lililoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa Tanzania na Italia lilitangaza nyayo mpya, katika sehemu iliyopewa herufi S, za zamadamu mkubwa zaidi, ambaye mguu wake wa wastani wa sentimita 26 hivi ulifanya akadiriwe kuwa na kimo cha sentimita 165. Kanuni ya Topinard ingempa sentimita 174, lakini zamadamu wa aina ile walikuwa na miguu mirefu zaidi kulingana na kimo chao, karibu sehemu 16 katika 100, na kwa hiyo uwiano wa binadamu wa leo haukumfaa. Tofauti ya sentimita 9 ilitokana na swali moja tu, nalo ni mguu huu ulinganishwe na miguu ya nani.

Swali hilohilo liliulizwa kwa busara huko Ileret, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, ambako nyayo za miaka milioni 1.5 zilitangazwa mwaka 2009. Watafiti hawakuridhika na milinganyo ya Ulaya na Marekani, bali waliwaomba Wadaasanach, wafugaji wa eneo hilo waliozoea kutembea peku, watembee na kukimbia juu ya matope ya hapohapo, wakapima vimo vyao na alama walizoziacha, na kutoka hapo wakatunga mlinganyo wa watu wale kwa udongo ule. Huo ndio utaratibu unaostahili heshima kuliko mashine yoyote ya kupiga picha za pande tatu, kwa sababu uliziheshimu ardhi na miguu kwa pamoja.

Laetoli, hata hivyo, ilitoa pia funzo la uchungu, na kwa jambo hili inafaa kukawia. Miongoni mwa wataalamu waliokuja kusaidia alikuwapo Louise Robbins, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Greensboro, ambaye alipoonyeshwa alama ya kwanza ya sehemu G alidhani ni ya mnyama wa jamii ya nyati na kushauri kwamba haistahili kufuatiliwa. Mary Leakey alimwacha mmoja wa wafanyakazi wake, Ndibo Mbuika, aendelee kuchimba, naye akarudi na habari za nyayo zaidi, ambazo ndizo zilizofungua mstari wote. Robbins alishiriki baadaye katika kuzichambua nyayo hizo, na aliporejea Marekani sifa ya Laetoli ilimtangulia mahakamani. Kwa takriban miaka kumi alitoa ushahidi katika kesi nyingi za jinai, akidai kwamba anaweza kumtambua mtu mmoja na kumtofautisha na wengine wote kutokana na alama ya kiatu chake, hata kama kiatu kinacholinganishwa si kilekile, kwa kuwa, alisema, umbo la mguu hujichapa kwa namna isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote. Wataalamu wenzake walipokutana kulijadili dai hilo mwaka 1987, chini ya chama cha wanasayansi wa uchunguzi wa kijinai cha Marekani, walifikia uamuzi kwamba halina msingi wa kisayansi. Lakini kufikia wakati huo watu walikwisha kufungwa, na Robbins mwenyewe alifariki mwaka huohuo.

Kosa la Robbins halikuwa la kupima vibaya. Lilikuwa la kukiuka mpaka ambao Banunguli na wafuatiliaji wa Ntuzu waliuchunga kwa sababu kazi yao iliwalazimisha kuuchunga: unyayo humweka mtu katika kundi la watu wenye mguu wa kadiri ile, nao hauna namna ya kumtenga ndani ya kundi hilo isipokuwa una kovu, kidole kilichokatika au kasoro nyingine ya pekee. Kimo kinachokadiriwa ni kifaa cha kupunguza orodha ya wanaoshukiwa na, zaidi ya hapo, cha kuwatoa wasiohusika. Kazi ya kumtambua mtu mmoja ina nyenzo zake, zikiwamo alama za vidole na uchunguzi wa vinasaba, ambao Tanzania imeuwekea sheria yake tangu mwaka 2009 na kuukabidhi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Katika Simiyu tahadhari hii ina sababu ya ziada, kwa kuwa wakazi wake hawana maumbile ya aina moja. Huko Meatu, pamoja na Wasukuma na Wataturu, wanaishi Wahadzabe, ambao wanaume wao wana wastani wa kimo cha karibu sentimita 162 na wanawake karibu sentimita 150, na ambao wengi wao hutembea sana porini tangu utotoni. Mlinganyo uliotungwa kwa wanafunzi wa chuo cha mjini, waliovaa viatu maisha yao yote, utakosea kwa Mhadzabe na kwa mchungaji wa Kitaturu kwa njia mbili tofauti, na mpelelezi asiyejua hilo atamwandikia hakimu tarakimu iliyo sahihi kwa hesabu na potofu kwa mtu.

Kazi inayohitajika Bariadi haihitaji maabara ya gharama kubwa. Inatosha watu wazima wa kujitolea kutoka Ntuzu, Itilima, Kanadi na Meatu wapimwe vimo na miguu, kisha watembee peku na kwa katambuga juu ya luseni, itogolo, ibambasi na mbuga, wakati wa kiangazi na tena baada ya mvua za kwanza, kama Wadaasanach walivyofanya Ileret. Na wafuatiliaji wazoefu wa vijijini, ambao wengi wao sasa ni wazee, washirikishwe katika kusoma alama hizo kabla hazijapimwa, ili ijulikane wanaona nini ambacho rula haikioni. Kutoka hapo taarifa ya mpelelezi itaweza kusema kwamba mwenye unyayo ulioonekana kando ya zizi alikuwa, kwa uwezekano mkubwa, na kimo kati ya sentimita 158 na 176. Tarakimu hizo zitawaacha wanaume wengi wa kijiji ndani ya mawanda yake, na kwa hiyo hazitamtia hatiani yeyote kati yao. Lakini mtu wa sentimita 190 aliyekamatwa usiku kwa sababu ya tetesi atakuwa na jambo linalopimika la kumtetea kabla hajapigwa ili akiri.